Muthokoi ya Mashine

Usiku ule Syombua alikosa usingizi kwa sababu ya lori. Lori lenyewe halikuwa lake, wala hakuwa na mtoto ndani yake. Lilikuwa la Bwana Mbugua, mwenye hoteli ya madereva kule Mtito Andei, na kila Ijumaa jioni lilipita kijijini kwao Tawa likitoka Machakos. Dereva wake, Mutiso, alikuwa akisimama langoni, anapiga honi mara mbili, kisha anatoa kichwa dirishani na kusema ni magunia mangapi ya muthokoi, yale mahindi yaliyotolewa ganda, yanayotakiwa Jumanne. Kwa miaka sita alikuwa akisema neno moja: "Matatu, mama, na usitucheleweshe."

Ijumaa hii watu walikuwa wamekula, vyombo vimeoshwa, kuku wamefungiwa, na honi ilikuwa bado haijalia.

Alijua sababu. Wiki iliyotangulia Mutiso alikuwa ameropoka kwamba huko Malili kuna fundi amepata mashine ya kutengeneza muthokoi. "Gunia zima, mama, kabla hujamaliza kikombe cha chai. Mahindi yanaingia huku, muthokoi inatoka huku. Hakuna mtu anatoka jasho." Mutiso alisema hivyo kama mtu anayeleta habari njema. Syombua alitazama mikono yake, migumu kama nyayo, akajiuliza itafanya kazi gani sasa.

Maana muthokoi ndiyo kazi aliyoijua. Unachukua mahindi makavu, unayarushia maji kidogo, unayatwanga kwenye kinu mpaka ganda litoke na punje ibaki nzima. Kwa maneno ni hayo tu. Lakini maji yakizidi, unapata mashudu. Yakipungua, punje zinaruka nje na kuku wanashukuru. Syombua hakuwa akipima maji kwa kikombe. Alikuwa akisikiliza. Mchi ukianza kutoa sauti nzito, ya kushiba, alijua ganda limeachia. Alikuwa ameacha shule darasa la nne, lakini kinu kile kilikuwa kimewasomesha watoto watatu, na sasa kilikuwa kinamsomesha wa nne, Ndinda, aliyekuwa na miaka tisa na maswali ya mtu wa miaka arobaini.

Mumewe, Muthama, alikuwa amelala. Alilala kwa amani ya mtu ambaye chakula chake hutwangwa na mwingine. Muthama alikuwa mzee wa kanisa, na pia alikuwa amewahi kuhudhuria semina ya wiki mbili Machakos. Tangu arudi, neno maendeleo halikumtoka kinywani. Choo kikibomoka, alisema tunahitaji maendeleo. Kikijengwa, alisema hayo sasa ndiyo maendeleo. Nani alikijenga, hakuwa akiuliza.

Saa tatu usiku lori lilifika. Halikupiga honi. Mutiso alishuka, akabisha hodi polepole kama mtu anayeleta habari ya msiba.

"Mama Ndinda, mzee Mbugua anasema msilete gunia."

"Jumanne?"

"Anasema kesho mje nyinyi wenyewe, familia yote. Muone mashine. Nitawapitia saa kumi na mbili asubuhi."

"Nimekuuliza Jumanne."

"Hakutaja Jumanne."

"Hakutaja, ama alisema hakuna?"

Mutiso alikuna shingo. "Alisema ataamua kesho, mkishaona."

Muthama alikuwa ameamka, na hapo ndipo Syombua alipojua kwamba kila Ijumaa alikuwa akisikia honi akijifanya amelala. "Matembezi!" alisema Muthama. "Tumealikwa na mwenye kampuni! Mama Ndinda, piga pasi koti langu." Ndinda naye alitoka kitandani na blanketi mabegani, kwa kuwa alikuwa amesikia neno Malili, na Malili kwa fundi huyo huyo, watu walisema, kulikuwa kunaundwa magari. Magari ya Kenya, yaliyotengenezwa na Wakenya. Darasa zima lingemwonea wivu.

Kwa hiyo baba alilala akiota maendeleo, mtoto akiota magari, na mama akakaa jikoni akijaza kyondo, kile kikapu chake cha mkonge, kwa muthokoi aliyoitwanga Alhamisi. Juu akaweka sweta la Ndinda.

Asubuhi Muthama alikiona. "Hicho kikapu ni cha nini?"

"Nguo za mtoto za kubadilisha."

"Zote hizo?"

"Huwa anatapika kwa gari."

Ndinda, ambaye hakuwa ametapika tangu azaliwe, alimtazama mama yake. Kisha akashika tumbo na kukunja uso kidogo. Alikuwa mtoto wa kufaa.

*

Karakana ya Malili ilikuwa kando ya barabara kuu ya Mombasa, na bango lake lilionekana kabla ya kitu kingine chochote: EVANSON NA WANA. MAGARI, MALANGO, VYAKULA. Evanson hakuwa na mwana hata mmoja. Alikuwa na binti watano, wote wakisoma kwao upande wa Nyeri, lakini alisema bango lingechekesha watu likiandikwa Evanson na Mabinti. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye penseli sikioni na vidole vilivyoungua, na alikuwa na furaha isiyopungua hata kidogo anapoharibu kitu.

Bwana Mbugua alikuwa amefika na basi tangu usiku. Yeye alikuwa kinyume cha Evanson: mnene, mtaratibu, wa kutembea kama anayebeba sinia la chai tumboni. Alikuwa amekuja kuona mashine, na pia kuchukua pikapu yake. Pikapu hiyo ilikuwa imebingirika mwaka uliopita karibu na Emali, na Evanson alikuwa ameijengea mwili mpya, kuanzia kichwa hadi mkia.

"Karibu, Mzee Muthama! Karibu, Mama Ndinda!" alisema Mbugua. "Leo mtaona Kenya ya kesho."

"Amina," akasema Muthama.

Walianza na magari, kwa sababu Ndinda alikuwa tayari ameyakimbilia. Kulikuwa na magari matatu, yote yakiwa uchi, na wanaume wakiyagonga kwa nyundo. Ndinda alizunguka kila moja mara mbili.

"Mjomba, injini mnatengenezea wapi?"

"Injini?" Evanson akacheka. "Injini inatoka Japani."

"Na magurudumu?"

"Hayo tunanunua Nairobi."

"Taa?"

"Nairobi pia."

"Vioo?"

"Vioo vinatoka kwa gari lingine ambalo limekufa."

Ndinda alifikiri. "Sasa nyinyi mnatengeneza nini?"

Muthama alikohoa kwa nguvu. Evanson hakuona haya. Aliweka mkono juu ya pikapu ya Mbugua, iliyopakwa rangi ya bluu ambayo ilikuwa bado inanata. "Milango, mama. Ona huu. Bati hili lilikuwa pipa la lami. Nimelikunja mwenyewe, nimechomelea mwenyewe. Hata Japani hawana mlango kama huu."

Hilo lilikuwa kweli. Ili kuufungua, Evanson aliuinua kutoka chini kwa mkono wa kushoto, akaugonga kwa goti chini ya mpini, kisha akauvuta. Alifanya yote kwa haraka, akiendelea kuongea, kama mtu anayejikuna. Wanaume walikuwa wanatazama rangi. Syombua alitazama goti. Alipogeuka, aliona Ndinda pia analitazama.

"Na ule mwingine?" Syombua aliuliza.

"Wa kushoto bado nimeufunga na nati, rangi ikauke. Na mpini wa kushusha kioo bado sijanunua, lakini kioo kinashuka kidogo, hewa inaingia. Gari liko tayari kabisa."

*

Mashine ilikuwa nyuma, chini ya paa la mabati, kati ya rundo la spana na ngoma ya dizeli. Ilipakwa rangi ya kijani na kuvishwa utepe mwekundu. Syombua aliizunguka polepole, mikono nyuma, kama mtu anayeangalia ng'ombe wa mahari. Aliinama akatazama chini yake. Kulikuwa na maganda madogo, membamba, ya rangi ya nyasi kavu. Akachukua moja, akanusa.

"Mzee Evanson, hii ilikuwa inafanya kazi gani kabla?"

"Ilikuwa kwetu. Kwa chama cha kahawa."

"Ilikuwa inakoboa kahawa?"

"Ganda ni ganda, Mama Ndinda," akasema Evanson kwa upole, kama anayemfundisha mtoto. "Kahawa ina ganda, mahindi yana ganda. Mashine haijui tofauti."

Syombua alifungua mdomo aseme kwamba hapo ndipo penye shida, lakini Muthama alimkanyaga mguu. Muthama alikuwa na siri yake, na siri hiyo haikukaa sana. Mbugua alimshika bega mbele ya watu wote na kusema, "Mashine ikikubali leo, tutafungua tawi Tawa. Na meneja wa tawi ni huyu mzee hapa."

Syombua alimwangalia mumewe. Muthama aliangalia utepe.

"Ulijua lini?" akamuuliza kwa sauti ya chini.

"Nilitaka kukushangaza."

"Umeweza."

"Usiwe hivyo, Mama Ndinda. Nawe utapata kazi. Mtu wa kuchambua maganda atahitajika."

Syombua alipanga kyondo chake vizuri begani, na kama Muthama angekuwa mtu wa kuangalia vitu, angeuona uso ule akakaa mbali nao wiki nzima.

Kabla mashine haijawashwa, Muthama aliombwa aombe. Aliomba kwa ajili ya mashine, mkanda wake, dizeli, mahindi, Malili, Mtito Andei, barabara yote iliyo katikati, wafalme wa Israeli na mameneja. Alipofika kwa mameneja sauti ilipanda. Wagonga nyundo walikuwa wamerudi kazini wakati Mutiso alipothubutu kusema amina kwa niaba yake.

Mashine ilinguruma. Ndinda aliziba masikio. Evanson akamwaga debe la mahindi juu, na chini, kwenye beseni, kikaanza kuteremka kitu. Kilikuwa cha rangi nyingi. Kulikuwa na punje zilizopasuka mara mbili, zilizopasuka mara nne, punje chache zenye ganda lake lote kana kwamba hazikupita popote, na vumbi la njano lililokaa juu ya koti la Muthama lililopigwa pasi.

"Maji!" akasema Evanson. "Imekosa maji tu." Akamwaga debe zima. Mashine ikalia kama mbuzi, ikatapika rojo, ikanyamaza. Wakaifungua, wakaikwangua kwa spana ileile ya pikapu, wakaiwasha tena.

"Hata gari likiwa jipya hupata shida asubuhi," Mbugua alisema.

"Ni mambo ya kuzoea," Muthama akasema.

Syombua alikuwa amekwenda kwa yule mama aliyewapikia wagonga nyundo, akamsalimia kwa heshima, akamwomba jiko la pili. Mambo yakawa hivi: sufuria mbili zilipanda motoni saa nne, moja ikiwa na muthokoi ya mashine, nyingine muthokoi ya kinu kutoka chini ya sweta la Ndinda. Mbaazi zilikuwa zileile, chumvi ileile. Mbugua alipoona sufuria ya pili alicheka. "Sawa, Mama Ndinda. Tushindane. Tutaonja zote, kisha nitaamua Jumanne. Neno langu ni moja."

Basi moyo wa Syombua ukakaa ndani ya sufuria ile mpaka saa nane.

*

Waliketi kwenye mbao, kila mtu na sahani. Muthokoi ya mashine ilikuwa imepondeka ikawa uji. Ndani ya uji kulikuwa na vipande vigumu, kama vibao vinavyoelea baada ya mafuriko, na harufu ilikuwa ya vitu vitatu, mahindi, kahawa, na kile kitu Evanson alichopaka mkanda usiteleze. Ya Syombua ilikuwa nzima punje kwa punje, nyeupe, laini.

Wanaume walionja ile ya mashine. Kila mmoja kijiko kimoja. Walitafuna kwa muda mrefu, wakitazama mbali, upande wa barabara.

"Ina ladha ya kisasa," Muthama alisema.

"Inajaza," akasema Evanson, na yeye peke yake alirudia mara ya pili na ya tatu, kwa uaminifu wa mzazi.

Kisha wote waliinamia sufuria ya Syombua. Walikula mpaka wakaegemea. Mutiso alipangusa sufuria kwa kipande cha chapati. Ndinda alipata kidogo kwa sababu mama yake alikuwa amemfichia. Walipomaliza, sufuria ya kinu ilikuwa imekauka ikang'aa, na sufuria ya mashine ilikuwa imejaa, juu imeshika utando.

Bwana Mbugua alipangusa midomo, akasimama.

"Nimeonja," alisema. "Mama Ndinda, mkono wako ni mzuri, siwezi kukataa. Lakini hatuwezi kubaki na kinu milele. Mashine ni mashine. Kuanzia Jumanne nitachukua ya Evanson."

"Na madereva?" Syombua aliuliza. "Watakula hii?"

"Watazoea."

"Amina," akasema Muthama.

Hivyo ndivyo neno lilivyokwisha. Syombua alianza kukusanya sahani. Alikuwa anafikiri mambo ya kawaida kabisa: sare ya Ndinda ya mwaka ujao, na mahali pa kuweka kinu ambacho hakitatumika, kama ni nje au ndani, kwa sababu nje mchwa watakila.

Mbugua alitaka kuagana kwa heshima ya tajiri. Evanson hakuwapo wa kumfungulia mlango. Kijiko cha tatu kilikuwa kimemwita, na alikuwa chooni nyuma ya karakana, akipambana na maendeleo. Lakini mlango wa pikapu alikuwa ameuacha wazi tangu asubuhi. Mbugua alijipenyeza ndani, tumbo likagusa usukani, akaushika mlango na kuuvuta kwa nguvu ili kila mtu asikie unavyofunga.

Ulifunga vizuri sana.

Aligeuza ufunguo wa injini ya Japani. Haikuwaka. Akajaribu kushuka aangalie. Mlango haukufunguka. Akausukuma kwa bega. Akahamia upande wa kushoto, akakumbuka nati. Akajaribu kushusha kioo, kikashuka upana wa kiganja, kikakwama.

"Mutiso," akaita kwa utulivu.

Mutiso alivuta mpini kwa nje mpaka ukabaki mkononi mwake. Aliutazama, akauweka mfukoni. Muthama alizunguka gari mara mbili.

"Tuombe," akasema.

"Usiombe, Muthama! Leta fundi!"

"Fundi anasema anakuja," Mutiso alirudi na habari. "Lakini amesema hajui saa ngapi."

Jua la Malili la saa tisa halina mchezo. Ndani ya bati la pipa la lami, Bwana Mbugua alianza kubadilika rangi, na rangi mbichi ya bluu ikaanza kumchafua viwiko. Ndinda alivuta kanga ya mama yake.

"Mwaitu," alinong'ona, kama watoto wa kwao wanavyomwita mama, "mimi naweza. Unainua, halafu goti."

"Najua, mwanangu. Ngoja kidogo."

Syombua alikwenda kwenye sufuria ya mashine, akaondoa utando, akajaza sahani. Akarudi, akasimama dirishani kama anavyosimama mama mwenye mtoto mgonjwa.

"Bwana Mbugua, utakaa humo na njaa. Kula kidogo."

"Sina njaa, mama. Niletee maji."

"Maji yatakuja. Kwanza kula." Sahani haikupita kwenye ule upana wa kiganja, lakini kijiko kilipita. "Fungua mdomo."

Alikuwa amelisha watoto wanne. Sauti ile hubishani nayo. Mbugua alifungua mdomo. Alimeza. Kijiko cha pili kikaja, na cha tatu, na kulikuwa na kibao katika cha tatu kilichotafunwa mpaka kila mtu akasikia.

"Mama Ndinda, inatosha."

"Bado kidogo. Si ulisema watu watazoea? Kijiko cha ngapi hiki, Ndinda?"

"Cha nne."

"Madereva wanakula sahani mbili mbili. Fungua."

"Mama, tafadhali. Kuna ile nyingine? Ile yako?"

"Iliisha."

"Nani aliimaliza?"

Syombua aligeuza tu kichwa, akamtazama Mutiso, akamtazama mumewe, kisha akarudisha macho kwenye kioo, ambamo Bwana Mbugua aliweza kujiona.

Lori moja lilipita likielekea Mombasa, na dereva wake akapunga mkono, kwa kuwa alimtambua mwenye hoteli.

"Jumanne," akasema Mbugua kwa sauti ndogo, "leta matatu."

"Sijasikia. Bati hili ni nene."

"Matatu! Leta matatu! Kama kawaida!"

"Ya kinu?"

"Ya kinu, mama! Ya kinu!"

"Sema tena, meneja asikie."

Muthama alikuwa anapangusa vumbi la njano kwenye koti lake, mahali pamoja tu, tena na tena. Alisikia. Karakana nzima ilisikia. Nyundo zilikuwa zimenyamaza.

Syombua aliweka sahani juu ya pipa, akapangusa mikono kwa kanga, akamtazama binti yake. "Haya, Ndinda."

Ndinda alikunja gauni. Akauinua mlango kutoka chini kwa mkono wa kushoto, akaugonga kwa goti, na mlango ukafunguka.